Mahafali ya mtoto kwenye chuo kidogo Marekani: jinsi ya kujipanga mpaka siku yenyewe

Jamani mwenye mtoto, mdogo wake au mpwa anayemaliza mwezi wa tano kwenye vile vyuo vidogo vya Marekani aje hapa, manake tangu nirudi nimeulizwa haya maswali mara nyingi mno na nimechoka kuyajibu vipande vipande kwenye voisi noti. Mi nilienda na bi mkubwa (mama yetu) kwenye mahafali ya kitinda mimba wetu, chuo kiko jimbo la Iowa katikati ya mashamba ya mahindi, chuo kizima wanafunzi hawafiki elfu mbili, yaani kuna sekondari hapa Dar zina watoto wengi kuliko hao.

Kwa asiyejua, hivi vyuo hasa ni vya shahada ya kwanza, mtoto anasoma kemia lakini humo humo anachukua falsafa na ufinyanzi, darasa lina watu 15 na profesa anamjua kila mtu kwa jina. Na si mambo mapya kwetu. Wangari Maathai alimaliza 1964 kwenye chuo kidogo cha masista pale Atchison, Kansas, alienda na zile ndege za wanafunzi alizozipigania Tom Mboya, na Kofi Annan alimaliza Macalester, St. Paul, mwaka 1961.

Sasa kabla ya yote elewa hili: mtoto wako atakuwa jukwaani kama sekunde nane. Jina linasomwa, anapanda, anashikana mkono na rais wa chuo (ndio, wanamwita rais), anapewa folda, anashuka. Umetoka Muheza mpaka Iowa kwa ajili ya sekunde nane, so kila nachoandika hapa chini ni cha kuzilinda hizo sekunde.

Hatua ya 1: Tarehe na kitanda kwanza

Watu wengi wanaanza na viza. Hapana, anza na kitanda. Chuo kidogo kiko kwenye mji mdogo, mji una moteli tatu nne, na wikiendi ya mahafali familia mia nne zinataka kulala hapo. Wamarekani wenyewe wanabuku mwaka mzima kabla, manake tarehe ya mahafali iko kwenye kalenda ya chuo mapema sana, mwambie mtoto akutumie hiyo kalenda anapoanza tu mwaka wa nne, usisubiri Krismasi.

Sisi tulisubiri. Tukapata moteli moja ya barabarani kwa bei nzuri, tukafurahi, wiki mbili kabla ya safari wakatuandikia kwamba bukingi yetu imefutwa, sababu hakuna. Mi nadhani walipata mtu wa kulipa zaidi lakini siwezi kuthibitisha. Tukaishia kulala mji mwingine mwendo wa dakika 50, na bi mkubwa ana magoti.

Kuna njia mbili ambazo hatukuzijua. Moja, vyuo vingi vinafungua mabweni kwa wageni wikiendi hiyo kwa bei ya chini kabisa, kitanda na shuka vipo, choo cha kushea, na uko ndani ya chuo chenyewe, ukiamka unatembea tu. Inabidi kuomba mapema, fomu iko kwenye ukurasa wa mahafali wa chuo. Mbili, chukua nyumba yenye jiko, hata kama ni mji wa jirani. Hilo jiko utalishukuru kwenye hatua ya chakula.

Hatua ya 2: Viza na barua

Hapa sitasema mengi kwa sababu masharti ya viza za Marekani kwa nchi kadhaa za Afrika yamebadilishwa sana kuanzia 2025, na nilichofanya mimi huenda sa hivi hakifanyi kazi. Ingia tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini kwako, soma ya leo, usimsikilize mtu wa kijiweni wala mimi. Kisichobadilika ni kwamba fomu ya maombi ya viza, DS-160, unaijaza mtandaoni, ada ya maombi hairudishwi ukinyimwa, na tarehe ya intavyuu inaweza kuwa mbali sana, so anza mara tu tarehe ya mahafali ikijulikana. USINUNUE tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Narudia kwa herufi kubwa kwa sababu nna binamu.

Mtoto aende ofisi ya wanafunzi wa kimataifa aombe barua ya mwaliko yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Barua peke yake haikupi viza, ila kwenye intavyuu unakuwa na kitu cha kuonyesha, na wewe jiandae kueleza utarudi nyumbani kufanya nini: kazi, duka, shamba, watoto wanaokusubiri.

Hatua ya 3: Jina

Hii hatua watu wanaipita halafu wanalia baadaye.

Jina lina mambo mawili. La kwanza ni la kwenye cheti. Mtoto ahakikishe kwa msajili wa chuo, mapema, sio wiki ya mwisho, kwamba jina litakaloandikwa linafanana na la vyeti vyake vya fomu foo na fomu siksi, manake akirudi Tanzania huenda akahitaji TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) watambue hiyo shahada, na kama huku ni Mwanaidi na kule wameandika Mwana Idi hapo ndipo safari za viapo na mawakili zinapoanza. Na zile tabu zetu za majina matatu, kule wanachukua la mwisho kama jina la ukoo, so kwenye foleni atapangwa kwa herufi ya hilo la mwisho. Lijue. Litakusaidia kukadiria atapanda saa ngapi.

La pili ni jina la kusomwa. Kwenye chuo kidogo wanasoma jina la kila mhitimu, mmoja mmoja, na ndio uzuri wake. Kabla ya siku hiyo mtoto anapewa kikadi aandike jina linavyotamkwa, au anajirekodi kwa simu. Wengi wanajaza haraka haraka huku wanafikiria mitihani. Mdogo wangu tulimlazimisha akae chini afanye vizuri, jina letu la ukoo lina ng' yenye king'ong'o, kwa Mmarekani hiyo ni balaa. Akaandika mara tatu ikakataa, mwisho akaenda ofisini kwa profesa aliyepangiwa kusoma majina, mama mmoja wa idara ya historia, akamwambia sema neno lao la kuimba, "singing", sasa kata mwanzo wote baki na ile sauti ya mwisho, halafu anzia hapo hapo. Yule mama akafanya mazoezi mlangoni pale kama dakika tano. Siku yenyewe alilisema kama mtu wa Bumbuli. Bi mkubwa aligeuka akaniangalia kama vile kuna mtu amemwita yeye.

Hatua ya 4: Tiketi ya mvua

Mahafali mengi ya hivi vyuo yanafanyika nje, kwenye nyasi, viti vya kukunja, na hapo huhitaji tiketi, njoo na ukoo mzima. Lakini mwezi wa tano kule kwenye majimbo ya kati ni msimu wa radi na mvua kali, na mvua ikitisha wanahamia ndani ya jimu. Jimu haitoshi watu wote. So kila mhitimu anapewa tiketi za mvua chache za kuhesabu, na mwenye nazo ndiye anaingia, wengine wanapelekwa ukumbi mwingine kuangalia kwenye skrini. Muulize mtoto: una tiketi ngapi za mvua? Kama mko saba na tiketi nne, amueni nyumbani nani anaingia, msiamulie mlangoni huku mnalowa, mtanuniana mpaka Idi.

Kuna wanafunzi ambao wazazi wao hawaji kabisa, hao wana tiketi za ziada. Mtoto aulize marafiki mapema, wanatoa bure.

Na kama una mzee wa magoti, mtoto aandikie ofisi ya mahafali aombe viti vya wenye shida ya kutembea. Wanakuja na kale kagari kadogo ka uwanja wa gofu wanamchukua kutoka paking mpaka kitini. Bi mkubwa alipanda hako kagari mara nne siku moja, mara mbili hakuwa na pa kwenda.

Hatua ya 5: Begi

Ukishuka kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani, mfano Chicago, lazima uchukue mabegi yako mwenyewe, upite forodha, halafu uyarudishe kwa ajili ya ndege ya ndani, hata kama Dar walikwambia yanafika mpaka mwisho. Acha masaa manne hapo katikati, matatu ni kujitafutia presha.

Chakula unachobeba kitangaze kwenye forodha. Nyama usibebe, kavu, mbichi, ya kukaanga, ya baraka ya bibi, yoyote, watakutoa kwenye mstari. Bizari nzima zikiwa kavu, korosho zilizofungwa, kahawa na majani ya chai sisi vilipita bila neno.

Nguo: asubuhi ni baridi ya kutetemeka, saa sita jua linachoma. Viatu vyenye kisigino chembamba vinazama kwenye nyasi, niliona dada mmoja anatembea kama ametegwa. Bebeni kanga. Sisemi kwa mapenzi ya kanga, nasema kwa sababu tulipofika viti vilikuwa vimelowa umande, kila mtu anafuta na tishu inakatika katika, bi mkubwa akatoa kanga yake moja akafuta safu nzima pamoja na viti vya wazungu wa pembeni, ilivyokauka akajifunika jua, na mwisho akamfunga mtoto juu ya joho. Kanga moja, kazi tatu.

Zawadi za maprofesa na ile familia ya mjini inayomlea mtoto (vyuo vingi vinawapa wanafunzi wa nje familia mwenyeji) ndogo ndogo tu, kahawa, chai, kanga. Ila soma jina la kanga kabla ya kununua! Profesa atakuuliza imeandikwaje, na wewe umebeba "Hasidi hana sababu", utaanzia wapi kumweleza mtu aliyemfundisha mwanao takwimu.

Kama unataka mtoto avae skafu ya kitenge juu ya joho, na inapendeza kweli, ishonwe huku, kama mita moja na themanini kwa urefu na kiganja kwa upana, ila aulize kwanza kama chuo kinaruhusu. Vingi vinaruhusu, utaona vitambaa vya kente na vya kila nchi. Yale mashada ya kung'aa tunayovalishana huku kwenye mahafali beba pia, ila mvalishe baada, sio kabla ya kupanda, yanazuia kitambaa.

Hatua ya 6: Fika siku mbili kabla

Hapa nawasihi. Watu wanafika usiku wa kuamkia mahafali, wanakosa nusu ya utamu, manake vyuo hivi kila kimoja kina mila zake na nyingi zinafanyika jana yake. Mount Holyoke kule South Hadley, Massachusetts, wahitimu wanavaa nyeupe wanabeba mnyororo mrefu wa majani wanauzungusha kaburi la mwanzilishi wao, Mary Lyon. Williams wanadondosha saa kutoka juu ya mnara wa kanisa, ikivunjika ndio bahati njema. Swarthmore wahitimu wanavaa waridi kutoka bustani ya chuo. Middlebury wanapewa fimbo, mfano wa fimbo ya Gamaliel Painter, mmoja wa waanzilishi. Halafu Smith, hii nimeipenda zaidi: unapewa cheti cha mtu mwingine, mnakaa duara mnapitishiana mpaka kila mtu apate chake.

Kuna pia ibada ya jioni au asubuhi yake, wanaiita Baccalaureate, ni ya dini zote kwa pamoja, nenda hata kama ni Muislamu, hakuna anayekulazimisha kitu na kuna muziki mzuri.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Wahi. Kama inaanza saa nne asubuhi wewe saa mbili uwe umekaa. Ukichelewa utakuta mitandio na magazeti kwenye viti vyote vya mbele, wenyewe wako wanakunywa kahawa.

Usikae katikati. Muulize mtoto wanapanda jukwaa upande gani na wanashuka upande gani, we kaa pembeni upande wa kushukia, hapo utamwona uso kwa uso akiwa na folda mkononi na tabasamu lisilo la kuigiza. Wakati anashikana mkono na rais kuna mpiga picha wa chuo, picha utaletewa uinunue, so usikimbilie jukwaani na simu kama harusi ya Mbagala.

Utaratibu ni huu: wanaingia kwa maandamano, mara nyingi na ule muziki wa Elgar, mtunzi Mwingereza, wa 1901 ambao ukiusikia utasema ahaa, Macalester wao wanaingia na zumari za Kiskochi. Maprofesa wako na majoho ya rangi zote, mwenye mistari mitatu ya mahameli kwenye mkono huyo ana udaktari. Vyuo vingine maprofesa wanapanga mistari miwili wanafunzi wanapita katikati huku wanapigiwa makofi, na hapo ndipo nilipomwona mdogo wangu akianza kulia, mimi nikajifanya natafuta miwani. Kisha hotuba, shahada za heshima, hotuba nyingine, mwanafunzi mmoja naye anaongea (kwetu huyo ndiye aliyeongea la maana). Halafu majina.

Piga hesabu: wahitimu 400 kwa sekunde nane ni kama dakika 53. Chukua kile kijitabu chenye majina ya wahitimu, tafuta jina, hesabu wako wangapi mbele yake, ukifika wa 20 kabla anza kurekodi, simu iwe imechajiwa na iwe na nafasi, futa zile video za vichekesho usiku wa jana.

Vigelegele sasa. Msemaji atawaomba mnyamaze mpaka majina yaishe. Hakuna anayetii, lakini kuna adabu yake: ukipiga kirefu, jina la mtoto anayefuata halisikiki, na mama yake naye ametoka mbali. Kimoja kifupi, kikali, basi. Bi mkubwa alikuwa na pumzi ya harusi tatu, tulikubaliana kimoja, akapiga kimoja, uwanja mzima ukageuka, na yule rais wa chuo akacheka akasimama kidogo ndipo jina linalofuata likasomwa.

Kile kishada cha kofia wanakihamisha toka kulia kwenda kushoto, hiyo ni kuonyesha wameshahitimu. Na folda ukiifungua ukakuta haina cheti usipige kelele, vyuo vingine cheti kinachukuliwa baadaye au kinatumwa. Isipokuwa mtoto akiwa na deni, hata la kitabu cha laibrari, hapo kinaweza kuzuiliwa, so amalize madeni mapema.

Kwa waliobaki nyumbani: chuo kinarusha laivu bure. Ila saa! Saa nne asubuhi ya Iowa ni saa kumi na mbili jioni ya Dar na Nairobi, saa nne ya Massachusetts ni saa kumi na moja jioni, saa nne ya California ni saa mbili usiku. Waandikie kwenye grupu la familia kwa saa ya huku, vinginevyo shangazi atawasha simu saa nne asubuhi na kukaa mpaka bando liishe.

Hatua ya 8: Chakula

Migahawa ya mji mzima ni mitano na imejaa tangu mwezi wa tatu. Chuo kinatoa chakula cha mchana kwenye mahema, sandwichi na matunda, kula, hapo ndipo utakutana na maprofesa. Watakufuata wenyewe waseme mwanao aliandika nini, aliuliza nini darasani. Kingereza kikikupiga chenga mtoto atatafsiri, ila atajipunguza sifa, mwambie asikate. Jioni pika. Sisi tuliazima jiko la familia mwenyeji, tukapika pilau la kilo nne, wakaja Wanepali wawili, Mghana, Mkenya mmoja na baba wa Kimarekani aliyekula sahani tatu akauliza kama kuna mgahawa wa hivi Des Moines.

Hatua ya 9: Asubuhi yake

Bweni linafungwa mara moja, wahitimu wanatakiwa kutoka siku hiyo au kesho yake. Miaka minne ya vitu. So njoo na begi moja tupu ndani ya lingine, vya kugawa agawe mapema, na ufunguo wa chumba urudishwe, faini yake inaingia kwenye lile deni nililolisema. Kama anabaki kufanya kazi kwa kile kibali cha mwaka mmoja baada ya masomo, maombi anayatuma kuanzia siku 90 kabla ya programu kuisha mpaka siku 60 baada, na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa nayo ina hatua yake kabla, kwa hiyo hilo lisisubiri mgeni aondoke.

Joho na kofia visiingie kwenye begi la kupakia ndegeni, vikipotea vimepotea. Vibebwe mkononi, kofia katikati ya nguo laini isivunjike pembe, manake kuna mahafali ya pili Muheza, na bibi alishasema kabla hatujaondoka kwamba na yeye atalivaa.